Bastola ya Gumegume na Mikono Iliyoifufua

Jioni ya leo nataka tuzungumze kuhusu bastola. Sisemi zile za polisi wala za kwenye sinema. Nasema bastola ya kale, ya gumegume, inayoshindiliwa baruti na risasi kwa mdomo wa mbele na kuwashwa kwa cheche ya jiwe. Tena nataka tuitazame ile inayotengenezwa kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho: fundi anaanza na pande la chuma, gogo la mti na jiwe, na akimaliza ana bastola ambayo hata skrubu yake moja haikununuliwa dukani.

Niliweke wazi jambo moja kabla hatujaenda mbali. Hapa kwetu kutengeneza bunduki bila kibali ni kosa la jinai. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na majirani zetu wana za kwao. Magobore yanayofuliwa kwa siri kwa mabomba ya maji yamemaliza wanyama, yameua watu, na mengine yamewapasukia mikononi hao hao waliofyatua. Mimi sifundishi mtu kuunda silaha. Kwingineko hali ni tofauti: nchini Marekani, sheria ya silaha ya mwaka 1968 iliziacha bunduki za kale na nakala zake za kushindilia nje ya masharti yake mengi, na kwa hiyo ufundi huu ukapata nafasi ya kuendelea huko mchana kweupe. Ninachotaka kuwasimulia ni habari ya maarifa ya mikono: jinsi yalivyopotea kabisa huku vitu vyenyewe vikiwa vimejaa makabatini, na jinsi watu wachache walivyoyarudisha.

Tuanzie moyoni mwa bastola, yaani kwenye mtambo wake. Ubavuni kulia kuna bamba la chuma. Juu ya bamba imesimama nyundo yenye taya mbili, na taya hizo zimebana kipande cha jiwe la gumegume kilichovishwa ngozi ili kisiteleze. Mbele ya nyundo kuna kifuniko cha pua, yaani chuma kigumu kile cha visu na tupa, nacho kimesimama wima kuisubiri. Chini ya kifuniko hicho kuna kifa, kibakuli kidogo kinachotiwa baruti laini kiasi cha punje chache. Kifyatulio kikivutwa, nyundo inaruka mbele, jiwe linaukwangua uso wa kifuniko na kukisukuma kifunguke, cheche zinamwagika kifani, baruti inashika moto, na moto huo unapenya kwenye kitundu chembamba ubavuni mwa kasiba hadi kuifikia baruti iliyoshindiliwa ndani. Masikio yanasikia milio miwili, mdogo halafu mkubwa, lakini imefuatana mno, na mtambo ukiwa umetengenezwa na fundi kweli milio hiyo inakuwa mmoja.

Wengi hudhani cheche zile zinatoka kwenye jiwe. Sivyo. Jiwe la gumegume ni gumu kuliko pua, na ukingo wake mkali unapopita juu ya kifuniko, unakwangua vinyuzi vya chuma vidogo mno, vya moto kwa ule msuguano, navyo vikikutana na hewa vinaungua. Kinachowaka ni pua. Kwa hiyo bastola nzima, na urembo wake wote, na fedha yote iliyonakshiwa juu yake, inategemea ugumu wa kile kifuniko. Kikiwa laini, jiwe linakichimba mifereji na cheche hazipatikani. Kikiwa kigumu kupita kiasi, jiwe linateleza tu juu yake, au kifuniko chenyewe kinapasuka. Fundi wa zamani hakuwa na kipimajoto. Alikuwa na jicho na moto wa makaa.

Anayetajwa kuwa ndiye aliyeufikisha mtambo huu kwenye umbo lake kamili ni Mfaransa Marin le Bourgeoys, wa mji wa Lisieux huko Normandie, aliyewafanyia kazi wafalme wa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 17. Alikuwa pia mchoraji na mtengenezaji wa ala za muziki, jambo ambalo halinishangazi hata kidogo ninapoziangalia bastola za enzi ile. Mtambo wake ulitawala vita, uwindaji na ujambazi wa dunia kwa zaidi ya miaka 200. Pwani yetu uliingia kwa njia ya biashara. Waarabu wa Oman walikuwa na bunduki zao za mrao, zile za kuwashwa kwa utambi, zimevishwa pete za fedha kwenye kasiba, na waliendelea kuzienzi hata baada ya Ulaya kuzisahau. Gumegume zililetwa na merikebu za Ulaya na Marekani, na katika karne ya 19 misafara iliyopanda kutoka Bagamoyo kwenda Unyamwezi na Ujiji ilibeba bunduki za kushindilia na vipipa vya baruti pamoja na shanga na merikani. Kwa hiyo babu zetu waliujua vizuri mlio ninaouzungumzia.

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya nilete mazungumzo haya. Bastola nyingi za kale tunazoziona kwenye makumbusho hazikutengenezwa na mtu mmoja. Huko Birmingham, Uingereza, kulikuwa na mtaa mzima wa kazi hii. Mmoja alifua kasiba, mwingine akazitoboa, wa tatu akapiga tupa vipande vya mtambo, wa nne akachonga mti, wa tano akatia nakshi, na wa sita, ambaye huenda hakuwahi kushika nyundo, akaandika jina lake juu ya bamba na kuiuza. Hata katika makoloni ya Marekani, ambako tunaambiwa kila fundi alijitegemea, mafundi wengi walinunua mitambo iliyotoka Uingereza wakachonga mti na kuunganisha. Kwa hiyo mtu anayetengeneza bastola nzima peke yake leo anafanya jambo ambalo hata katika zama za gumegume lilikuwa nadra. Anabeba kichwani mwake kazi za watu saba au wanane, ambao kila mmoja alikuwa ametumia ujana wake wote kujifunza sehemu yake tu.

Halafu kazi hizo zilikufa moja baada ya nyingine. Mwaka 1785 Thomas Jefferson, alipokuwa mjumbe wa Marekani mjini Paris, alialikwa kwenye karakana ya fundi mmoja, Honoré Blanc. Akawekewa vipande vya mitambo vilivyotengana, akaviokota bila kuchagua, akaviunganisha kwa mikono yake mwenyewe, na vikakaa. Akaandika barua nyumbani kwa shauku kubwa. Kwa Jefferson huo ulikuwa mwanzo wa mambo mapya. Kwa mpiga tupa ambaye umuhimu wake wote ulikuwa ni kukifanya kipande hiki kikubaliane na kile, ilikuwa habari mbaya sana. Mwaka 1807 mchungaji mmoja wa Uskochi, Alexander Forsyth, aliyekuwa mwindaji wa ndege na aliyechoshwa na ndege kuruka waonapo mwako wa kifani kabla risasi haijatoka, akapata hataza ya njia ya kuwasha baruti kwa kemikali inayolipuka ikigongwa. Kutokana na wazo lake zikaja fataki. Miaka 50 baadaye gumegume ilikuwa imekwisha katika majeshi makubwa, na waliojua kuitengeneza walizeeka bila wanagenzi. Hakuna aliyewafukuza, kazi tu haikuwapo tena.

Tuhamie Virginia, Marekani, ambako maarifa hayo yalirudishwa. Mji wa Williamsburg ulikuwa makao makuu ya Virginia kuanzia mwaka 1699 hadi 1780, kisha serikali ikahamia Richmond, na mji ukasinzia kwa muda mrefu. Mwaka 1926 mchungaji W.A.R. Goodwin, kwa fedha za tajiri John D. Rockefeller Mdogo, alianza kuurudisha kama ulivyokuwa katika karne ya 18. Nyumba zilijengwa upya, na baadaye zikafunguliwa karakana ambamo watu wanafanya kazi za zamani kwa zana za zamani mbele ya wageni. Kwenye karakana ya bunduki, katika miaka ya 1960, alikuwapo kijana aliyeitwa Wallace Gusler. Alijiwekea shabaha ambayo wengi waliona haiwezekani: atengeneze bunduki nzima, kasiba, mtambo, mti, skrubu na kila kitu, kwa zana na njia za karne ya 18 pekee.

Shida yake haikuwa chuma wala zana. Shida ilikuwa kwamba hapakuwa na mtu hai wa kumuuliza. Bunduki za kale zilikuwako kwa maelfu. Vitabu vilikuwako vya kutosha, lakini vimeandikwa na watu waliokuwa wakizitazama bunduki, siyo waliokuwa wakizifua. Ikabidi azisome zile bunduki zenyewe, atafute alama za tupa sehemu ambazo mwenye nazo hakutarajia zionekane, ajue tupa ilipita upande gani na ni kipande kipi kilitangulia kingine. Akajaribu, ikaharibika, akajaribu tena. Mwaka 1969 kazi yake ilitengenezewa filamu iitwayo Gunsmith of Williamsburg, ikisimuliwa na mtangazaji David Brinkley, na ndani yake anaonekana akianza na chuma kitupu na kuishia kwenye bunduki inayolia. Hiyo ilikuwa bunduki ndefu, lakini bastola inapita njia ile ile, isipokuwa vipande vyake ni vidogo zaidi na kosa linaonekana upesi zaidi.

Nawaomba mnifuate sasa humo karakanani. Kasiba huanza ikiwa bapa la chuma. Bapa hilo linapashwa moto na kukunjwa kwa urefu kuzunguka fimbo ya chuma, kama chapati inavyokunjwa kuzunguka mshikaki, mpaka kingo zake zikutane. Kisha kingo hizo hazina budi kuunganishwa kwa moto na nyundo peke yake. Chuma huwa tayari kuungana pale kinapotoka kwenye wekundu na umanjano kikaingia weupe, uso wake ukaonekana umelowa, na vicheche vidogo vikaanza kurukaruka juu yake. Hapo mhunzi ana sekunde chache. Akiwahi, kingo hazishikani. Akichelewa, chuma kinaungua na kumomonyoka. Anaunganisha sehemu fupi, anarudisha motoni, anaunganisha nyingine, na kila mara fimbo ile inatolewa kabla haijanasa humo ndani moja kwa moja. Msaidizi wa mivukuto anafanya kazi kubwa kama ya bwana wake, maana yeye ndiye anayeushika moto usipande wala usishuke.

Baadaye kasiba inatobolewa hadi ndani iwe laini, na hapo kuna jambo nililolipenda kuliko mengi. Unajuaje kwamba tundu jembamba kama hilo limenyooka? Mafundi wa zamani walipitisha uzi mwembamba ndani ya kasiba na kuukaza kama uzi wa upinde, wakatazama kuelekea dirishani, wakaangalia uzi na kivuli chake vinavyokwenda juu ya ukuta wa tundu. Palipoachana ndipo palipopinda. Wakapiga nyundo nje, pigo moja dogo, wakatazama tena.

Lakini kasiba, pamoja na ugumu wake wote, bado ni kazi ya nguvu. Kazi ya kutisha ni springi. Katika zama zile springi ya bastola haikuwa waya uliozungushwa kama wa godoro. Ilikuwa bapa jembamba la pua lililokunjwa katikati likawa na mikono miwili, mmoja umetulia, mwingine unasukuma nyundo. Fundi hulipiga tupa kwa urefu, kamwe si kwa mapana, kwa sababu mkwaruzo mmoja uliokatiza mapana ndio mlango ambao ufa utaingilia. Hulisugua mpaka linameta, na katika kumeta huko hakuna pambo hata kidogo. Anauondoa kila mkwaruzo ambao baadaye ungemvunjia springi.

Kisha inakuja saa ya moto. Karakana lazima iwe na giza kidogo, maana wekundu wa chuma juani haufanani na wekundu huo huo kivulini, na fundi anayepasha mlangoni penye jua ataharibu kazi. Springi inapashwa polepole hadi iwe nyekundu ya kuiva, halafu inatumbukizwa kwenye mafuta. Ikitoka humo ni ngumu kama kioo na inavunjika kama kioo. Ukiiangusha sakafuni unaokota vipande. Kwa hiyo inasuguliwa tena mpaka inang'aa na kurudishwa kwenye joto, joto dogo safari hii, na juu ya uso wake mweupe rangi zinaanza kutembea: manjano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Manjano ni ugumu wa kisu. Buluu, kwenye nyuzi 300 hivi za Selisiasi, ni mahali ambapo pua inakubali kupinda na kurudi. Rangi hizo zinapita haraka na hazirudi nyuma. Fundi akiipita buluu, springi inakuwa laini na kazi inaanza upya.

Tena hata ikifaulu leo, hiyo si dhamana. Springi yenye ufa usioonekana inaweza kufanya kazi miezi kadhaa, halafu usiku mmoja, bastola ikiwa imetulia ndani ya sanduku, ikakatika yenyewe. Watengenezaji wa leo wanalijua hilo na wanalizungumza kwa heshima.

Ndani ya mtambo kuna pia kipande kidogo cha mviringo chenye mapengo mawili. Pengo la kwanza huishika nyundo nusu ya njia, na hapo kifyatulio hakifanyi kitu. Ni mahali pa usalama, pa kubebea. Pengo la pili huishika ikiwa tayari. Mapengo hayo yanapigwa tupa kwa jicho, na kina chake kikikosewa kwa unene wa kucha, bastola inaweza kulia ikiwa mfukoni. Vipande vya chuma laini kama hiki hupewa ngozi ngumu kwa kufungiwa ndani ya sanduku lililojazwa mifupa na ngozi za wanyama zilizochomwa, likakaa motoni kwa saa nyingi. Ndani kipande kinabaki laini kiasi cha kuvumilia kishindo, nje kinakuwa kigumu kuvumilia msuguano.

Mti nao una adabu yake. Uingereza walipenda mjozi. Marekani walipenda mepo, mti ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada, hasa wenye nyuzi zilizopinda zikaacha milia juu ya ubao. Kila kipande cha chuma hupewa makao yake ndani ya mti, na makao hayo hayatakiwi kuacha mwanya wa karatasi. Fundi hupaka masizi na mafuta kwenye chuma, anakibana kwenye mti, anakiondoa. Pale palipoachwa doa jeusi ndipo chuma kilipogusa kabla ya wakati. Anakwangua doa hilo kwa patasi, ukoko mwembamba usioonekana ukianguka sakafuni, anapaka tena, anabana tena. Ataendelea hivyo mchana kutwa mpaka doa jeusi lipakae sehemu yote sawasawa, na hapo bamba linakaa kana kwamba mti ulilizunguka ulipokuwa unakua. Mwenye haraka humaliza mapema, kisha kila risasi inayofyatuliwa inapiga kishindo pasipo egemeo, na mti unapasuka. Nakshi, shaba ya kinga ya kifyatulio iliyomiminwa kwenye mchanga, mdeki wa kushindilia, hayo yote yana uzuri wake, lakini hayaamui kama bastola italia au haitalia.

Jiwe, je? Jiwe nalo lilikuwa na mafundi wake. Mji mdogo wa Brandon, katika jimbo la Suffolk, Uingereza, uliishi kwa kupasua gumegume. Ardhi ya huko imejaa mawe hayo, na karibu yake, mahali paitwapo Grimes Graves, kuna mashimo yaliyochimbwa na watu wa zama za mawe waliotafuta jiwe lile lile kwa ajili ya mashoka. Wapasuaji wa Brandon waliweka jiwe gotini, wakaligonga kwa nyundo likatoa vipande virefu, wakavikatakata kuwa vijiwe vya pembe nne. Walilisha majeshi ya Uingereza wakati wa vita vya Napoleon, na gumegume ilipokwisha Ulaya waliendelea kuuza Afrika hadi karne ya 20. Hapa sitaki tupite bila kuwakumbuka. Vumbi la jiwe lile liliingia mapafuni mwao siku zote walizofanya kazi ndani ya vibanda vilivyofungwa, na wengi walikufa mapema kwa ugonjwa wa vumbi. Kila cheche iliyomulika msituni kwetu ilikuwa imelipiwa na pumzi ya mtu.

Kwa nini mtu ajisumbue namna hii leo, na vitu vyenyewe vimehifadhiwa? Nina mfano mmoja unaonitosha. Tarehe 11 Julai 1804, huko Weehawken, New Jersey, Aaron Burr, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, alimpiga risasi mwanasiasa mwenzake Alexander Hamilton katika pambano la bastola, na Hamilton akafa siku iliyofuata. Bastola zile, kazi ya nyumba ya Wogdon na Barton ya London, zilihifadhiwa. Leo ziko mikononi mwa benki ya JPMorgan Chase, ambayo mizizi yake inafika hadi kampuni aliyoianzisha Burr mwenyewe mwaka 1799. Watu waliandika habari zake, wakazipima kwa macho, wakazipiga picha. Lakini mwaka 1976, zilipofunguliwa kwa ajili ya kutengenezewa nakala, ndipo ilipotangazwa kwamba ndani mwake kuna mtambo mdogo uliofichwa, ambao ukitegwa, kifyatulio kinakubali kwa mguso mwepesi sana. Wanahistoria wanabishana hadi leo kama Hamilton alijua, kama aliutega, na kama ndiyo sababu risasi yake ilikwenda juu mitini. Mimi siingii kwenye ubishi huo. Nasema tu kwamba bastola zilikaa zaidi ya miaka 170 zikitazamwa, na zikasema neno lao pale mtu alipotaka kuzitengeneza upya.

Kuna na la kwetu, na ni kubwa kuliko hilo. Mwaka huo huo wa 1976, huko Buhaya, magharibi mwa Ziwa Nyanza, mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwaomba wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani wajenge tanuri lao kama walivyokumbuka. Kazi hiyo ilikuwa imekwisha miongo mingi iliyopita, chuma kilicholetwa kwa meli kilipojaa masokoni. Wazee wakajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu na mabaki ya chuma ya kale, wakachoma matete ya bwawani, wakaingiza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuri ili hewa ya mivukuto ipate moto kabla ya kukutana na mkaa. Kutokana na mchango wao, Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika mwaka 1978, katika jarida la Science, kwamba mababu wa eneo lile walikuwa wakipata chuma chenye sifa za pua tangu miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Mabaki ya matanuri yalikuwa yamelala ardhini muda wote huo. Yalihitaji mikono ya wale wazee.

Gusler hakuwa na wazee wa kumkumbushia. Buhaya ilikuwa nao, na pengine kwa mara ya mwisho. Filamu ilitengenezwa kuhusu wazee hao pia. Ningependa sana vijana wetu wanaosomea ufundi wa chuma kwenye vyuo vya VETA waonyeshwe filamu zote mbili mfululizo, ya Williamsburg na ya Buhaya, tena si kama burudani ya Ijumaa mchana. Baada ya hapo wapewe makaa, mivukuto na kipande cha pua kilichokatwa kwenye springi ya gari bovu, madirisha yafungwe, na kila mmoja atengeneze kisu kimoja, akiisubiri rangi ya manjano ipite juu ya chuma na kuikamata kabla haijawa kahawia. Mwalimu wa somo hilo si lazima awe na shahada. Katika wilaya nyingi bado yuko mhunzi anayefua majembe na panga pembeni mwa gulio, na yeye anaijua rangi hiyo.